Mnada Usioonekana: Kivinjari cha Chama na Biashara ya Matangazo

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mjimwema, Songea)



Kila mkulima wa ufuta katika Songea na Namtumbo anajua jinsi mnada unavyoendeshwa. Mazao hukusanywa ghalani, hupimwa, mkulima hupewa stakabadhi, na siku ya mnada wanunuzi hushindana kwa bei. Tangu minada hiyo ilipoingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, mnunuzi anaweza kuwa mbali kabisa na Mkoa wa Ruvuma. Hata hivyo mambo matatu hayakubadilika: mwenye mali anajua kuwa mali yake inauzwa, anatangaziwa bei, na fedha zinarudi kwake.

Upo mnada mwingine unaoendeshwa mchana na usiku, hapa hapa Mjimwema na kila mahali palipo na simu yenye intaneti. Mali inayouzwa humo ni macho ya mwanachama, yaani nafasi ya kumwonyesha tangazo. Mnada huo hauna hata moja kati ya mambo hayo matatu. Mwenye mali hajui kuwa anauzwa, bei haimfikii, na hata senti moja haiji kwake. Makusudio ya mazungumzo haya ni kueleza mnada huo unavyofanya kazi, mipangilio ya faragha ya kivinjari inaweza kuuzuia kwa kiasi gani, na ni mahali gani mipangilio hiyo haifiki.

Jambo hili si geni kwa ushirika. Chama Kikuu cha Ngoni-Matengo, kilichoanzishwa mwaka 1936, kiliwaunganisha wakulima wa tumbaku wa sehemu hizi ili mazao yao yakusanywe na kuuzwa kwa pamoja. Mkulima mmoja mmoja hakuwa na nguvu ya kuhoji mizani wala bei. Wengi waliokusanyika waliweza. Leo mizani imo ndani ya simu, na hoja ni ile ile: nani anapima, anapima nini, na kwa faida ya nani?

MNADA UNAVYOENDESHWA

Kivinjari ni programu inayofungua kurasa za intaneti. Chrome, Firefox, Safari, Edge na Opera ni vivinjari. Mtu anapofungua ukurasa wa habari wenye nafasi za matangazo, mambo mengi hutendeka kabla picha hazijakamilika kuonekana. Ukurasa hupeleka ujumbe kwenye soko la matangazo, nalo huwaarifu wanunuzi wengi kwa mara moja: yupo msomaji, yuko karibu na mji fulani, anatumia simu ya aina fulani, anasoma habari ya jambo fulani, na namba yake ya utambulisho ni hii. Kila mnunuzi hutazama katika kumbukumbu zake kama namba hiyo anaijua, kisha hutaja bei. Mwenye bei ya juu hushinda, na tangazo lake huonekana. Yote hayo hukamilika chini ya sekunde moja.

Katika mnada wa ufuta mnunuzi aliyeshindwa huondoka mikono mitupu. Katika mnada wa matangazo aliyeshindwa naye amekwisha kupokea ujumbe ule. Anajua kuwa mwenye namba ile alifungua ukurasa ule saa ile. Akitaka huuongeza katika kumbukumbu zake, na baada ya miezi michache kumbukumbu hizo huweza kusema mengi kuliko jirani wa mtu anavyoweza kusema: saa anazoamka, ugonjwa anaousomea, kama anatafuta kazi, kama ana shida ya fedha.

VIDAKUZI

Namba hiyo ya utambulisho hupatikanaje? Njia ya zamani na iliyoenea zaidi ni vidakuzi. Kidakuzi ni kijifaili kidogo ambacho tovuti hukiweka ndani ya simu au kompyuta ya msomaji. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mtaalamu wa kampuni ya Netscape ya Marekani, kwa shabaha njema: tovuti iweze kumkumbuka mtu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, ili kwa mfano bidhaa alizochagua dukani zisipotee.

Kidakuzi hufanana na kadi ya kliniki. Kadi hukaa nyumbani kwa mama, lakini kila anapohudhuria huionyesha, na mhudumu husoma yaliyoandikwa mara iliyopita. Hapo hapana ubaya wowote. Bila kadi hiyo, mfumo wa benki ungemtaka mtu aandike neno la siri kila afunguapo ukurasa mpya, na katibu anayejaza taarifa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, asingeweza kufanya kazi yake.

Ubaya huanzia kwa kadi ya pili. Ndani ya ukurasa wa gazeti mna kipande cha kampuni ya matangazo, ambacho msomaji hakukialika. Kipande hicho nacho huweka kidakuzi chake. Kampuni hiyo hiyo imo katika ukurasa wa hali ya hewa, imo katika ukurasa wa michezo, imo katika ukurasa wa tiba. Ni kana kwamba mtu mmoja amekaa kimya mlangoni mwa kila duka la mjini Songea, na kila mteja anapopita humgongea muhuri kwenye kadi ile ile. Muuza chumvi anajua habari za chumvi tu, na fundi cherehani habari za nguo tu. Yule wa mlangoni anajua yote.

Vidakuzi hivi vya pili, katika vivinjari vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili, huitwa vidakuzi vya washirika wengine. Mwanachama asidanganywe na jina. Washirika hao hawana hisa chamani, wala hawahudhurii mkutano mkuu.

KINACHOHUSU WANACHAMA

Huenda mtu akauliza: tangazo la viatu linaweza kumdhuru nini mkulima wa mahindi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linategemea msimu. Mahindi ya Ruvuma hupandwa mvua zinapoanza, mwishoni mwa mwaka, wakati ambapo fedha za mavuno yaliyopita zimekwisha na mbolea inahitajika. Mwanachama anapotafuta katika simu maneno kama “mkopo wa haraka” au “bei ya mbolea”, huwa ametangaza shida yake sokoni. Kwa anayeuza mikopo ya riba kubwa, mtu mwenye shida ndiye mnunuzi bora, na mnada wa matangazo humwezesha kumfikia mtu huyo na kuwaacha wengine.

Hatari hii si ya kubuni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kwa njia ya mtandao bila leseni, na kuwataka wananchi wajihadhari nazo. Mikopo ya namna hiyo wananchi wameipa jina la kausha damu. Waliokopa na kuchelewa kulipa wamelalamika kwamba ndugu na marafiki, ambao namba zao zilikuwa katika simu, walipigiwa na kuelezwa habari za deni. Hivyo aibu ya mtu mmoja ilisambazwa kwa ukoo mzima.

Liko jambo la pili, nalo linahusu simu au kompyuta moja inayotumiwa na watu wengi, kama ilivyo katika ofisi nyingi za vyama. Tuseme mwanachama ameazima simu ya ofisi akasoma habari za kifua kikuu, kwa kuwa ana mashaka na kikohozi chake. Kesho yake matangazo ya dawa za kifua yanajitokeza mbele ya karani na mbele ya kila anayekuja kuuliza malipo. Hakuna aliyefungua mdomo, na siri imekwisha kutoka.

Jambo la tatu ni la gharama. Vipande vya matangazo na vya ufuatiliaji hupakuliwa kwa bando la msomaji mwenyewe. Anayefuatwa ndiye anayelipa nauli ya anayemfuata.

VIVINJARI HAVIFANANI

Mwanachama anapaswa kujua kwamba vivinjari vimechagua njia tofauti. Safari, kivinjari cha simu za iPhone, kilianza kuwabana wafuatiliaji mwaka 2017, na tangu Machi 2020 kinazuia vidakuzi vyote vya washirika wengine bila mtumiaji kugusa chochote. Firefox ilianza kuwazuia wafuatiliaji wanaojulikana kwa watumiaji wote mwaka 2019, na mwaka 2022 ikaweka utaratibu ambao kila tovuti hupewa mtungi wake wa vidakuzi, hata muhuri wa duka moja usisomeke katika duka lingine. Edge, kinachokuja na kompyuta nyingi za ofisini, kina ngazi tatu za kuzuia ufuatiliaji, na huanzia ile ya kati.

Chrome, ambacho ndicho kimo katika simu nyingi za Android, kina historia nyingine. Mwezi Januari 2020 kampuni ya Google ilitangaza kwamba vidakuzi vya washirika wengine vingeondolewa katika muda wa miaka miwili. Muda huo ukasogezwa mbele mara kadhaa. Mwezi Julai 2024 kampuni ikaacha mpango huo, na mwezi Aprili 2025 ikathibitisha kuwa uamuzi utabaki kwa mtumiaji katika mipangilio kama ulivyokuwa. Kwa hiyo, katika Chrome, mlango huu huwa wazi mpaka mtumiaji aufunge kwa mkono wake.

Ili kuelewa sababu, yafaa kukumbuka kwamba mwaka 2023 zaidi ya robo tatu ya mapato ya Alphabet, kampuni mama ya Google, yalitokana na matangazo. Mwanaushirika hahitaji maelezo marefu hapa. Mtengenezaji wa mizani akiwa pia ni mfanyabiashara wa mazao, mkulima hutazama mshale wa mizani mara mbili.

Kwamba mipangilio ina nguvu ya kweli kunaonekana katika mfano mmoja. Mwezi Aprili 2021 kampuni ya Apple ilizitaka programu za iPhone zimwulize mtumiaji swali moja: je, unakubali ufuatwe katika programu na tovuti za makampuni mengine? Wengi walikataa. Mwezi Februari 2022 kampuni ya Meta, yenye Facebook na Instagram, ilieleza kwamba badiliko hilo lingeipunguzia mapato ya mwaka huo kwa kiasi cha dola bilioni 10. Swali moja lililoulizwa waziwazi, na watu wakaachiwa kujibu, lilifika kwenye mizani ya kampuni kubwa ya dunia.

MAHALI AMBAPO MIPANGILIO HAIFIKI

Pamoja na hayo, katibu atakayewaambia wanachama kwamba mipangilio huondoa hatari zote atakuwa amewapotosha. Hapana budi kila mlango ujulikane kwa jina lake.

Kwanza, kuzuia vidakuzi hakuondoi matangazo. Matangazo yataendelea kuonekana, ila yatapoteza sehemu ya uwezo wa kumjua anayeyatazama. Aidha, ni kweli kwamba magazeti na tovuti nyingi huendeshwa kwa fedha za matangazo, na hapana kosa katika tangazo linalowekwa kufuatana na habari iliyomo ukurasani, kama vile tangazo la mbegu kuwekwa chini ya habari za kilimo. Kinachokataliwa ni kumfuata mtu nyumba hadi nyumba bila ridhaa yake.

Pili, hali fiche ya kivinjari haimfichi mtu mbele ya tovuti. Hali hiyo hufuta kumbukumbu za kurasa ndani ya simu baada ya dirisha kufungwa, na katika Chrome huzuia vidakuzi vya washirika wengine. Lakini tovuti inayofunguliwa na kampuni ya mtandao wa simu bado huweza kuona. Google ilishtakiwa huko Marekani mwaka 2020 kuhusu data iliyokusanywa watu wakiwa katika hali hiyo, na katika mapatano ya mwaka 2024 ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu.

Tatu, kiko kitufe cha zamani kilichoziomba tovuti zisimfuate msomaji. Ombi hilo halikuwa na sheria nyuma yake, na tovuti nyingi zililipuuza. Firefox ilikiondoa mwaka 2025. Somo lake ni dogo na la wazi: ombi lisilo na sheria ni kama mkataba usio na sahihi.

Nne, mtu akiingia katika akaunti yake ya Google au Facebook, kampuni hiyo inamjua kwa jina, na kuzuia vidakuzi vya wengine hakubadilishi hilo. Wako pia wanaomtambua mtu kwa kuunganisha alama ndogo ndogo za simu yake, kama ukubwa wa kioo, lugha na toleo la programu. Njia hii ni ngumu zaidi kuizuia.

Tano, na hili ndilo kubwa kwa wanachama, mipangilio ya kivinjari haizitawali programu nyingine zilizomo katika simu. Programu ya mkopo iliyopewa ruhusa ya kusoma majina na namba za watu itasoma, hata kama kivinjari kimefungwa kama ghala siku ya sikukuu. Ruhusa hizo hutazamwa na kuondolewa katika mipangilio ya simu yenyewe.

KAZI YA KATIBU

Kazi zifuatazo hazihitaji fundi wala fedha, na zaweza kumalizika kabla chai haijapoa.

Katika Chrome, katibu abonyeze nukta tatu zilizo juu, aingie Mipangilio, atafute sehemu ya faragha au ya mipangilio ya tovuti, kisha vidakuzi vya washirika wengine, na achague kuvizuia. Majina ya vipengele hutofautiana kidogo kwa kadiri ya toleo la programu. Asizuie vidakuzi vyote, maana mifumo ya benki na ya Serikali itakwama. Ikiwa tovuti moja ya lazima haifanyi kazi, aipe hiyo peke yake ruhusa.

Katika simu ya Android, aingie Mipangilio, sehemu ya faragha au ya Google, afungue Matangazo, na afute kitambulisho cha matangazo. Hiyo ni namba ambayo programu za simu huitumia kumfuata mtumiaji, kama vile kidakuzi kinavyotumika katika kivinjari. Hapo hapo azipitie ruhusa za programu moja moja, na aulize kila ruhusa ina kazi gani. Programu ya tochi haina haja ya kusoma namba za wanachama.

Kompyuta ya chama iwe na akaunti ya chama, isiwe akaunti ya mtu. Anayeazima kifaa cha ofisi kwa shida yake binafsi atumie dirisha la hali fiche na alifunge anapomaliza. Faida yake hapo ni ya kweli, kwa kuwa atakayefuata hatakuta nyayo zake. Na yeyote anayetafuta mkopo kwa njia ya simu kwanza ahakikishe kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, kabla hajapakua programu yake.

SHERIA NA WAJIBU WA CHAMA

Hadi hapa mwanachama ametazamwa kama mtu anayekusanyiwa habari. Lakini chama nacho ni mkusanyaji. Daftari la wanachama, namba za vitambulisho vya taifa, namba za simu, ukubwa wa mashamba, akaunti za benki, na habari zilizotolewa wakati wa kuandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku iliyoanza mwaka 2022, zote hizi hupita mikononi mwa viongozi wa vyama na vijiji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa shabaha inayojulikana, asizitumie kwa shabaha nyingine, azilinde, na asizihifadhi kupita muda unaohitajika. Aidha inampa mwananchi haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi mwezi Aprili 2024, ndiyo inayosajili wakusanyaji na kupokea malalamiko.

Hivyo basi, muuza pembejeo akiomba orodha ya namba za simu za wanachama ili awatumie matangazo, chama hakina haki ya kumpa kwa sababu tu ni mtu wa karibu au ameahidi punguzo. Wanachama waliandika namba zao ili walipwe fedha za mazao na waitwe mikutanoni. Katibu anayefunga kivinjari chake barabara, kisha akampa mfanyabiashara daftari la chama kwa njia ya WhatsApp, amefunga dirisha na kuuacha mlango wa ghala wazi usiku kucha.

Inafaa kila bodi iliweke jambo hili katika ajenda kabla msimu wa mauzo haujafunguliwa, na muhtasari uoneshe majibu ya maswali manne: kivinjari cha ofisi kimepangwa na nani na lini, nani wana funguo za akaunti za chama, taarifa za wanachama zimewahi kutolewa kwa nani na kwa ruhusa ipi, na chama kimefikia wapi katika kujisajili kwa Tume. Mwanachama akisimama katika mkutano mkuu na kuuliza lolote kati ya hayo, ajibiwe kama anavyojibiwa anapouliza mizani ya ghala ilikaguliwa lini.